Midoli midogo ya fairi ya kutengeneza kwa mkono: maswali ya kila siku na majibu yake

Kila nikimaliza mdoli nikamweka mezani, anayepita lazima aulize kitu, na maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeamua niyaandike yote mara moja tupumzike. Sijayapanga sana. Mengine nimeyapitia harakaharaka manake jibu lenyewe fupi, na mengine mtanisamehe nimeongea sana.

Kwani fairi ni nani, malaika au jini?

Hapana, ni vile viumbe vya hadithi za Ulaya, vidogo, vinakaa maporini na kwenye maua, vina uchawi wao na vituko vyao. Wengine kwa Kiswahili wanasema kichimbakazi ila mtaani fairi ndo inaeleweka. Na kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba katika hadithi za zamani wengi wao hawakuwa na mabawa kabisa, mabawa yamekuja kushika kasi kwenye michoro ya wasanii wa Uingereza karne ya 19. Kwa hiyo kama mabawa yanakushinda, muache bila mabawa, bado ni fairi.

Nahitaji vitu gani ili nianze?

Vichache kuliko unavyofikiri. Waya wa manyoya (ule mwembamba uliovikwa manyoya laini, zamani ulikuwa wa kusafishia kiko, siku hizi watoto wanauchezea shuleni), shanga moja ya mbao ya milimita 20 kwa kichwa, uzi wa kudarizi, ua moja la kitambaa la kuigiza, uzi wa sufu kidogo kwa nywele, gundi nyeupe, mkasi na maka peni nyembamba. Basi. Koleo ukiwa nalo ni vizuri ila kucha zinafanya kazi hiyohiyo. Usinunue vikorokoro vyote siku ya kwanza, utajaza droo halafu mdoli hutengenezi, najua ninachosema.

Mwili unaanzaje?

Waya wa manyoya kwa kawaida una sentimita 30 hivi. Ukate sehemu mbili, moja ya 20 na moja ya 10. Ile ya 20 ikunje katikati, pale kwenye mkunjo ndo unapapitisha kwenye tundu la shanga mpaka kidogo tu kichungulie juu, na hizo ncha mbili zinazobaki chini ndo kiwiliwili na miguu. Shida ya kwanza utakayokutana nayo ni kwamba waya umekunjwa mara mbili na manyoya yake hauingii kwenye tundu. Usilazimishe, punguza manyoya kwa mkasi hapo juu tu kama unamnyoa mtu nywele, utapita.

Ile ya sentimita 10 ni mikono. Iweke chini kidogo ya shanga, izungushe mara moja kwenye shingo, vuta pande zote zilingane. Halafu kila ncha, mikononi na miguuni, irudishe nyuma iwe kitanzi kidogo. Hicho kitanzi ndo kiganja na ndo unyayo, lakini kazi yake kubwa ni kuficha ncha ya waya, manake ile ncha inachoma kama sindano na mtoto ataigundua kabla yako. Mwishowe unapata mdoli wa sentimita 9 hivi, kichwa kikubwa kuliko cha mtu wa kweli, na ndivyo inavyotakiwa, ukimpa kichwa cha kipimo cha binadamu anaonekana kama msumari wenye nguo.

Mbona wangu analegea, mikono inazunguka, nguo inateremka?

Hili ndo swali namba moja na jibu langu ni lilelile: umetegemea gundi badala ya uzi. Mdoli wa namna hii anashikwa na uzi, gundi inakuja kusaidia tu. Ukinielewa hapa mengine yote ni mapambo.

Angalia unavyozungusha. Anza kwenye kiganja. Lazia mkia wa uzi kama sentimita 2 juu ya mkono kuelekea begani, halafu zungusha uzi juu ya huo mkia ukiuficha, mzunguko mmoja ukigusana na mwenzake, usiache mwanya na usipandishe. Uzi wa kudarizi una nyuzi ndogo sita ndani, usizitenganishe, ziache zilale bapa kama utepe. Na usizungushe uzi ukizunguka mdoli, geuza mdoli mwenyewe kwenye vidole, uzi uwe umeshikwa na mkono mwingine umekazwa kiasi, ule mkazo ambao waya haupindi ila uzi hausogei ukiugusa. Ukifika begani usikate, vuka kifuani kwa mshazari, zunguka chini ya kwapa la pili, rudi kwa mshazari mwingine, ile X ya kifuani ndo inafunga mikono isizunguke tena maisha yake yote. Ukimaliza mwisho wa uzi ingiza kwenye sindano, upenyeze ndani ya mizunguko mitano sita, kata. Tone dogo la gundi nyeupe hapo mwisho ukitaka, kwa kijiti cha meno.

Mdoli mzima anakula kama mita 3 za uzi, na kifungu kimoja huwa na mita 8, kwa hiyo unapata midoli miwili na kipande kinabaki cha kumsukia mmoja nywele.

Gundi gani nzuri?

Gundi nyeupe ya kawaida, ile ya maji. Ina subira kidogo, ishike na pini au kibanio cha nguo nusu saa, ikauke vizuri mpaka kesho yake, na ikikauka haionekani. Wengi wanapenda bunduki ya gundi kwa sababu ni fasta lakini mimi siipendi kwa midoli midogo, inaacha vinundu na vile vinyuzi kama utando wa buibui, halafu ile ya joto kali inafika karibu nyuzi 190 za Selsiasi, kidole kikigusa utakumbuka. Kama ni lazima tafuta ya joto la chini, hiyo iko kama 120, bado inaunguza ila afadhali.

Supaglu usiipeleke kabisa karibu na uzi wa pamba au sufu. Hili watu wanadhani natia chumvi, ila pamba ikikutana na supaglu vinatengeneza joto, ikiwa nyingi inaweza kukuunguza vidole na hata kutoa moshi. Na hata ikiwa kidogo uzi unakuwa mgumu kama mwiba na shanga inapata ukungu mweupe pembeni.

Uso nachoraje? Wangu umeharibika.

Pole, wa kwangu wa kwanza aliharibika vibaya zaidi. Nilikuwa nimemaliza kila kitu, nywele, sketi, mabawa, nikasema sasa macho, nikachukua maka peni nikaweka nukta ya kwanza kwenye shanga, nikainua peni, nikaona nukta inatembea. Wino ulifuata mistari ya mbao ukateremka shavuni, na nilipoweka la pili nikidhani la kwanza ni bahati mbaya, nalo likashuka. Nikabaki na fairi anayelia machozi meusi, na kumfuta haiwezekani, mbao imeshakunywa.

Mbao ambayo haijapakwa kitu inafyonza wino kama karatasi ya chooni. Dawa yake ni kuipaka kwanza, gundi nyeupe uliyoizimua na maji kidogo, au vanishi, au rangi ya akriliki ya ngozi unayotaka, acha ikauke kabisa ndipo uchore. Na uso uchore KABLA ya kumvisha shanga mdoli, shanga ikiwa imechomekwa kwenye kijiti, ukikosea unatupa shanga tu si kazi ya saa nzima.

Sasa kuchora kwenyewe: kidogo kuliko unavyotaka. Nukta mbili chini kidogo ya nusu ya uso (chini, si juu, macho yakiwa chini anaonekana mtoto, yakiwa juu anaonekana mwalimu wa nidhamu), zimeachana kiasi cha jicho la tatu kuingia katikati au zaidi. Mdomo ni kimstari kimoja cha milimita 3. Mimi mara nyingi mdomo naacha kabisa na hakuna aliyewahi kulalamika. Kope, nyusi, pua, vipodozi, hapana, kwenye shanga ya milimita 20 vinageuka vurugu.

Ngozi ya kahawia napataje, shanga zote ni rangi ya mbao mpya?

Akriliki, changanya kahawia na nyekundu kidogo na njano kidogo, jaribu kwenye karatasi mpaka uipende, mipako miwili myepesi ni bora kuliko mmoja mzito. Au loweka shanga kwenye chai nzito bila maziwa, inatoa kahawia laini na mistari ya mbao inabaki inaonekana, mimi hiyo ndo naipenda, ila iache ikauke usiku kucha. Muhimu uzi wa mikono na miguu uchague baada ya shanga kukauka na si kabla, ziweke pamoja mchana karibu na dirisha, taa ya usiku inadanganya rangi.

Na nywele?

Hapa ndo raha ilipo. Nywele zilizonyooka: zungusha uzi wa sufu kwenye vidole vitatu mara 15 hivi, utoe, ufunge katikati kwa uzi wa rangi hiyohiyo, kata vitanzi huku na huku, bandika pale kwenye tundu la juu la shanga ambalo ulikuwa unajiuliza utalifichaje. Shikilia mpaka gundi ishike.

Nywele za kipilipili au zenye mawimbi, tafuta sweta la zamani lililotoboka, lifumue. Uzi uliokaa kwenye sweta miaka umeshajikunja wenyewe, unatoka na mawimbi tayari, hakuna cha kununua kinachofanana nao. Usiuoshe wala usiupige pasi utanyooka. Ukitaka afro, kata vipande vifupi vya sentimita 2, vifunge pamoja katikati kama kishada, halafu chambua kila kipande kwa ncha ya sindano nyuzi ziachane zifumuke, kisha punyua kwa mkasi upate duara. Inachukua muda, weka redio.

Mabutu na twende kilioni zinawezekana kwa uzi wa kudarizi, unasuka kabisa kama kwenye kichwa cha mtu ila unasukia mezani umebana kwa tepu, halafu unabandika. Nimewahi kusuka tatu tatu kumi na mbili kwa mdoli mmoja. Sirudii.

Sketi ya ua inavaliwaje?

Chukua ua la kitambaa, livute kichwa kitoke kwenye kikonyo, toa kile kiini cha plastiki cha katikati. Utaona petali ziko kwenye matabaka, kila tabaka ni duara lenye tundu. Tundu likiwa dogo liongeze kwa mkasi kidogo sana, unganisha miguu ya mdoli, pitisha kutokea chini, petali zikiangalia chini kama ua limegeuzwa. Tabaka mbili au tatu, kila moja izungushe kidogo petali zisilaliane. Halafu funga kiunoni kwa uzi mara nne tano na ukaze. Umeona, uzi tena. Ukiwa umebandika kwa gundi tu sketi itateremka siku ya pili.

Petali zikiwa na mikunjo weka kitambaa juu yake kisha pasi ya joto la chini kabisa, sekunde chache. Haya maua mengi ni poliesta, ukiweka pasi yenyewe moja kwa moja unabaki na kitu kama gamba la samaki kimeng'ang'ania pasi, na hiyo ni kesi nyingine na mwenye pasi.

Mabawa ya nini yanapendeza zaidi?

Rahisi kuliko yote: petali mbili kubwa za ua lilelile, umemaliza. Yanayong'aa: oganza (kile kitambaa chepesi kinachoonyesha ndani), kata umbo, kingo zake zinafumuka kwa hiyo zipitishe pembeni ya moto wa mshumaa, pembeni nasema, kama sentimita 2 kutoka kwenye moto, zinayeyuka kidogo na kujifunga zenyewe. Usiziingize motoni, na bakuli la maji liwe karibu.

Ila yaliyo mazuri kupita yote kwangu ni ya jani lililobaki mishipa tu. Chukua majani magumu, yale manene yanayong'aa, yaloweke kwenye maji wiki kadhaa, ubadilishe maji mara kwa mara manake yananuka hasa, siku nyama ya jani ikiwa imeoza na kulegea lilaze kwenye sahani, papasa kwa mswaki laini polepole mpaka ibaki nyavu ya mishipa peke yake. Nusu ya majani yatachanika, loweka mengi. Yakikauka unayabana kwenye kitabu usiku mmoja.

Kuyafunga: unganisha mabawa mawili katikati kwa uzi kwanza yawe kitu kimoja, ndipo uyafunge mgongoni kwa kufuata ile X ya kifuani. Usiyabandike moja moja, hayatalingana hata ufanyeje.

Hasimami. Nifanyeje?

Asimame wa nini na ana mabawa? Mning'inize. Kosa ambalo wengi wanafanya ni kufunga uzi kichwani, anakuwa kama amenyongwa, picha mbaya kweli. Funga mgongoni, juu kidogo ya pale mabawa yanapokutana, atainama mbele kidogo na hiyo ndo namna ya mtu anayeruka. Akiinama mno sogeza uzi kuelekea shingoni, akilala nyuma ujue mabawa ni mazito. Kama lazima asimame basi pinda nyayo zake uzishone kwenye kifungo kikubwa cha koti, kinakuwa kama jukwaa.

Naweza kutumia karatasi tu?

Unaweza sana, na fairi maarufu kuliko wote duniani walikuwa wa karatasi. Mwaka 1917 kule Cottingley, Uingereza, mabinti wawili wa ndugu, Elsie Wright wa miaka 16 na Frances Griffiths wa miaka 9, walichora fairi wakawakata, wakawasimamisha kwenye majani kwa pini za kofia, wakapiga picha. Watu wazima wakaamini! Arthur Conan Doyle, yuleyule aliyemtunga Sherlock Holmes, akaziandikia makala kwenye jarida la The Strand Desemba 1920 akiziona za kweli, na wenyewe hawakukiri kwamba fairi wale ni wa karatasi mpaka 1983 wakiwa bibi vizee. Kwa hiyo mtu akikudharau kwa sababu umetumia karatasi mwambie hiyo. Tumia karatasi nene kidogo ya manila, na umbo ukilikata likunje kidogo pembeni lipate kivuli, la bapa kabisa linaonekana kama stika.

Mtoto anaweza kuchezea?

Aliye chini ya miaka 3 hapana, kabisa. Vipimo vya usalama vya vitu vya kuchezea vinatumia kikopo chenye upana wa milimita 32 hivi, kitu kikizama chote humo ni hatari ya kumpalia mtoto huyo, na shanga yetu ni 20, hesabu mwenyewe. Kwa wakubwa zaidi sawa, ila kagua zile ncha za waya kila baada ya muda.

Kutengeneza, watoto wa miaka sita saba wanaweza kuzungusha uzi vizuri tu, ila waya wakatie wewe. Na waache wachague rangi wenyewe hata kama macho yako yanauma.

Waya wa manyoya sijapata, mbadala ni nini?

Waya wowote laini unaopindika kwa vidole, uviringishie kwanza ukanda mwembamba wa kitambaa cha pamba au tepu ya karatasi. Uzi unahitaji kitu cha kushika, kwenye waya mtupu unateleza. Shanga nayo ukikosa, kunja pamba iwe gololi, ivishe kipande cha stokingi ya zamani, kaza chini kwa uzi, una kichwa.

Nachukua muda gani kwa mmoja?

Wa kwanza jiandae saa mbili na hasira kidogo. Sasa hivi mimi ni dakika 40 bila kuhesabu gundi kukauka, na nusu ya hizo ni uzi.

Anasafishwaje?

Haoshwi. Gundi nyeupe ikilowa inalainika na waya wa ndani unaweza kutu na kutoa madoa kwenye uzi. Brashi laini ya rangi, au drai ya nywele kwenye upepo wa baridi. Na usimtundike dirishani penye jua kali, baada ya miezi waridi inakuwa rangi ya vumbi.

Wangu wa kwanza ametoka mbaya sana, nimtupe?

Usimtupe, mfumue. Ukiwa umemfunga kwa uzi na si kumgandisha kwa gundi, unakata fundo la kiunoni sketi inatoka nzima, unakata la mgongoni mabawa yanatoka, unafumua mikono, waya unaunyoosha, dakika tano una vifaa vyako vyote mezani tena. Yule wangu wa machozi nimemfumua mara mbili. Kichwa chake nilikigeuza nyuma mbele nikachora uso upande wa pili, na ule wa machozi sasa uko chini ya nywele, ukimnyanyua nywele unamwona bado analia huko nyuma.